Mwaka wa Kumsindikiza Nyamizi

Zuhura alirudi wiki iliyopita kutoka Dar es Salaam na begi la mgongoni na nywele fupi kama za mgambo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, na kabla hajakaa akaniomba simu yangu. Vijana wa siku hizi ndivyo wanavyowapima wazee wao: hawaangalii macho wala ulimi, wanaangalia simu. Akaipekua kwa kidole gumba, mara kidole kikasimama. "Bibi," akasema, "hii bado unayo?" Nikamwambia ninayo, kwani imemkosea nani? Akasema inakula nafasi, simu yenyewe ndogo, aifute? Nikamwambia aweke simu mezani, anawe, ale. Palikuwa na ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha juani na kuyaunga kwa karanga, na huko Dar hakuna anayejua kuyapika. Alikula mpaka akalamba kidole. Mimi sikula kitu. Nilikuwa nimekaa na simu mbele yangu, na mwaka ule wote umeinuka kama vumbi la mtu anayefagia bila kunyunyiza maji.

Wanaoandika habari zao huanza na nani alimzaa nani. Mimi hayo nayaruka. Ukoo wangu unajulikana mtaa mzima wa Gongoni, asiyeujua aulize dukani. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatoka najua kusoma, kuandika na kubishana, na matatu hayo yamenitosha. Mjukuu wangu ndiye amesoma kwa niaba ya ukoo wote. Anatengeneza programu za simu, hizo wanazoziita apu, na watu wazima wenye tai wanakaa kumsikiliza. Nalisema hili waziwazi, na anayeona najisifu basi naye asomeshe wake.

Mwaka ninaouandika ndio mwaka ambao dada yangu Nyamizi aliishi kwangu. Aliletwa kutoka Kwihara, kijijini kwetu, na furushi moja baada ya kuanza kupoteza vitu: kwanza ufunguo, halafu majina ya watu, halafu miaka. Nikampa chumba cha uani, kile chenye dirisha linalotazama jiko, ili asikie sufuria na ajue kuna watu. Kitanda cha kamba, sanduku la bati, kopo la matobolwa chini ya mto. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vikawa vigumu kama kuni, na Nyamizi hakuwa na jino la kuvitafuna. Alivinyonya tu, mchana kutwa, kama mtoto. Asubuhi aliamka vizuri, akitusalimia "mwangaluka" kwa Kinyamwezi, akiuliza habari za watu waliokufa zamani, nasi tunamjibu kwamba hawajambo. Alimtania Zuhura kwa kumwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu," alimwambia, "umekaa na hiyo kompyuta mapajani tangu asubuhi, itakuzalia lini?" Na Zuhura, aliyekuwa amemaliza chuo akisubiri kazi, alimjibu, "Nangoja wewe uzae kwanza, Bibi Mkubwa, ndiwe mkubwa." Walicheka wawili hao mpaka mimi nikaona wivu.

Tatizo lilikuwa alasiri. Jua likishaanza kulegea, Nyamizi alisimama, akajifunga kanga, akaja mbele yangu kwa heshima zote. "Haya mwenyeji," alisema, "nimekula, nimekunywa, Mungu akuzidishie. Naenda kwetu, jua lisije likanichwea njiani." Mwenyeji! Mimi, niliyelala naye ngozi moja ya ng'ombe, nimekuwa mwenyeji. Na kwao alikokusema ni tembe tulilokulia Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kuta zake zimekwisha kuwa udongo na watu wanapanda karanga juu yake. Ukimwambia hivyo, alikutazama kwa huruma kama mtu anayezungumza na mwendawazimu. Jirani yangu, Mama Shabani, akanishauri nitie kufuli getini. Nikamwambia anayefungiwa ni mbuzi, Nyamizi hafungiwi. Akasema, "Basi siku moja utamtafuta." Nikamwambia, "Na wewe siku moja utameza huo ulimi." Lakini alichosema niliondoka nacho.

Kwetu mgeni akiaga husindikizwa. Hata awe mtoto, hata kama umemchoka. Basi kila alasiri nilijifunga kanga yangu nami, tukatoka, mimi na yeye, polepole, mpaka kwenye mashine ya kusaga. Pale tulisimama tukatazama unga unavyowapaka watu nyuso. Tukazungumza na wanawake wenye mabeseni, tukacheka, na Nyamizi akisahau alikokuwa akienda, nikamwambia, "Sasa nisindikize mimi, naogopa kurudi peke yangu." Alinirudisha mpaka nyumbani akiwa ameshika mkono wangu, akijiona yeye ndiye anayenifanyia wema. Huo ulikuwa mchezo wetu wa usichana. Tulisindikizana mimi na yeye, kutoka tembeni mpaka kisimani na kutoka kisimani mpaka tembeni, hakuna anayekubali kuachwa, mpaka tuitwe kwa matusi. Yeye mkubwa ndiye aliyekuja kuniwekea sheria: "Msindikizaji ana kikomo. Ukikipita umekuwa msafiri, na safari si yako." Alikuwa na maneno hayo ya kukata, Nyamizi. Kumwona ameyasahau na kumbe miguu inayakumbuka, sijui niliseme vipi. Ni kama kumwona mtu ameoga akavaa nguo za mwenzake.

Lakini zilikuwepo siku ambazo hakuaga. Uko jikoni unageuza kitumbua, unasikia kimya, unatoka, chumba kitupu. Mara ya kwanza tulimkuta sokoni akinunua chumvi bila pesa. Mara ya pili alirudishwa na mwendesha bodaboda ambaye alimkuta barabara ya Kwihara amevua viatu na kuvishika mkononi, kama tulivyokuwa tukienda zamani ili visiishe. Ndipo Zuhura akasema, "Bibi, mimi nitamtengenezea kitu." Akakaa kibarazani na kompyuta yake juu ya mkeka siku nyingi, chai ikipoa pembeni, akijisemea peke yake na wakati mwingine akitukana. Alipomaliza akachukua kisimu kidogo, tukakifunga katika pindo la kanga ya Nyamizi, pale pale alipozoea kufunga ugoro wake. Nyamizi akakipapasa. "Hiki ndicho kitanifuata?" akauliza. "Ndiyo, Bibi Mkubwa." "Basi kiambie kisinipite mbele."

Katika simu yangu mimi akaweka hiyo apu. Ukiifungua unaona ramani, na ndani ya ramani kinukta cha buluu. Kinukta kile ni Nyamizi. Akisogea kinasogea. Nilikitazama siku ya kwanza nikaona machozi yananitoka bila sababu. Zuhura akanieleza kwa subira jinsi kilivyofanya kazi: kuna sehemu ninayoiona, hiyo skrini yenye ramani, na kuna sehemu nisiyoiona, inayokaa nyuma siku zote ikipokea habari za kile kisimu. Hiyo ya nyuma wanaiita sevisi. Ramani ikifunguka inajifunga kwa sevisi, kama mtu anayejifunga kamba kwa mwenzake, na kupitia kamba hiyo habari zinapita. Nikamwambia nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba dada yangu anaonekana.

Basi nikawa namchungulia. Nikikoroga mboga, nachungulia. Nikitoka kuswali, nachungulia. Sifa za mjukuu nazo huwezi kuzila peke yako: kila aliyeingia uani nilimwonyesha. Mama Shabani alikuja na miwani ya marehemu mumewe, akaona kinukta, akasema, "Sogeza nione na njia ya Kwihara." Nikailaza simu ubavu, maana ukiilaza ramani inapanuka na njia yote inaenea, kutoka kwetu mpaka kule. "Iinue tena." Nikaiinua. "Ilaze." Wanawake wa mtaa mzima waliilaza na kuiinua simu ile kama mtoto anayebembelezwa. Ikawa inapata joto. Ikawa ukiigusa inafikiri kwanza, kama mzee aliyeulizwa deni. Zuhura akaishika, akasema labda ni chaji, labda ni bando, labda ni simu yenyewe ya bei ndogo. Kwenye simu yake yeye haikuwa hivyo. Yeye aliifungua mara moja, akaona inafanya kazi, akaifunga. Hakuna aliyemfundisha kwamba bibi mmoja wa Gongoni anaweza kuchungulia hivyo.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa nzito tangu adhuhuri. Nyamizi alikula vizuri, akalala, nikamfunika. Nikatandika msala nikaswali alasiri, na nilipotoa salamu nikanyoosha mkono kwenye simu kabla hata ya tasbihi. Simu ilikuwa ya moto kama kitumbua kilichotoka kwenye mafuta. Kinukta kilikuwa uani. Nikashukuru. Nikatoka uani na kikombe cha uji wake mkononi, na uani palikuwa na kuku na kamba ya nguo. Chumbani, kitanda. Chooni, hakuna. Nikatazama simu tena: kinukta uani. Nikasimama pale pale kilipokuwa kinukta, miguu yangu juu ya dada yangu, na dada yangu hayupo.

Sikumbuki uji uliishia wapi. Nilimwita Zuhura, aliyekuwa dukani, akaja mbio akaninyang'anya simu. Akaigusa, ikaganda. Akaizima ramani na kuiwasha, ikafunguka nusu, ikajifunga yenyewe. Akafungua tena, ikajifunga tena. "Fungua basi," nilimwambia. "Nafungua, Bibi!" "Mbona haifunguki?" "Sijui! Sijui, Bibi, niache!" Hajawahi kunipigia kelele kabla wala baada. Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Nilimwona mjukuu wangu aliyesoma, fahari yangu, amesimama katikati ya uani akiifunika simu kwa mwili wake isilowe, na mimi pembeni yake na darasa langu la nne, na wote wawili tulikuwa sawa. Hakuna aliyejua kitu. Mama Shabani alitoka na mwavuli akaenda upande wa soko bila kusema neno, na kwa ukimya huo namshukuru mpaka leo.

Tulimpata Kwihara. Wanawake waliokuwa wakikimbia mvua kutoka kwenye karanga walimwona amekaa juu ya tuta, pale pale penye tembe letu, ameweka viatu vyake pembeni vizuri kama mtu aliyeingia ndani. Walimwuliza bibi unafanya nini kwenye mvua. Akawaambia, "Mvua gani? Mimi niko ndani." Alikuwa amelowa mpaka kisimu kilichokuwa kwenye pindo kilidondosha maji. Tulimrudisha kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva, na mgongo wake ulikuwa ukitetemeka kifuani kwangu njia nzima. Kikohozi kikaanza, kifua kikakaza, tukalala hospitali. Wakamtibu, wakaturudisha nyumbani, wakasema apumzike. Neno hilo la kupumzika mimi nalijua.

Zuhura hakula. Alihamia chumba cha Nyamizi na kompyuta yake, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Alifungua na kufunga, akasoma, akapiga simu kwa wenzake wa chuo, akasema maneno ambayo sikuyajua na moja nililolijua: kuvuja. "Inavuja wapi?" nilimwuliza, nikidhani ni kile kisimu kilicholowa. Akanikalisha ukingoni mwa kitanda, miguuni pa Nyamizi.

"Inavuja memori, Bibi. Si maji. Kila ukifungua ramani, ile skrini inaenda kwa sevisi inajiandikisha. Inasema, nipo hapa, niambie Bibi Mkubwa akisogea. Umenielewa?"

"Endelea."

"Sasa ukiifunga, au ukiilaza simu ubavu, skrini ile inakufa. Inazaliwa nyingine mahali pake, nayo inaenda kujiandikisha. Lakini ile iliyokufa haikuaga. Mimi sikuiandikia kuaga. Sevisi bado imeishika, inadhani ipo. Na simu haiwezi kumwondoa aliyeshikwa, hata akiwa amekufa. Basi wanajazana humo ndani."

"Wangapi?"

"Kila mara uliyochungulia. Kila mara Mama Shabani alipoilaza."

Nikaitazama simu iliyokuwa mapajani mwangu. "Maiti zote hizo humu?"

"Ndiyo, Bibi. Mpaka nafasi ikaisha, na simu ikaiua apu yote. Kinukta ulichokiona uani kilikuwa cha zamani."

Akaanza kulia. Akasema jambo lenyewe ni dogo, ni la kufundishwa mwanzoni kabisa: unayejifunga, ujifungue unapoondoka. Skrini ikienda, iondoe jina lake, ifungue kamba. Na sevisi nayo isishike kwa kukaza, ishike kwa namna ambayo mwenzake akifa mkono uachie wenyewe. "Ni kama kusindikiza, Bibi. Kuna mahali unaachia." Nikamwambia adabu ya wageni asinifundishe mimi, na hilo la mkono kuachia wenyewe, likiwezekana kwa simu, siku litakapowezekana kwa watu aje aniambie. Halafu nikamvuta akalala mapajani mwangu pamoja na simu. Sikumwambia si kosa lake, maana angejua namdanganya. Nilimwambia Nyamizi angeenda Kwihara hata kama njia nzima ingejaa vinukta. Hilo lilikuwa kweli. Na Nyamizi, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka kwenye mto, "Mke mwenzangu, unalia nini? Amekufa nani?"

Akaitengeneza. Mjukuu wangu hakuiacha kazi nusu. Aliitengeneza pale pale kigodani, akaniambia niilaze, niiinue, niifungue na kuifunga nitakavyo, nikafanya hivyo kutwa, na simu ikabaki ya baridi kama jiwe la kisimani. Kinukta kikawa cha kweli kuliko mara zote. Kisimu kile kilikaushwa, kikafungwa tena kwenye pindo. Na mimi nikikaa jikoni nikichungulia, kinanionyesha Nyamizi yuko chumba cha uani, juu ya kitanda cha kamba, upande wa pili wa ukuta, na hasogei. Apu ilipona, na mtu wake hakuwa wa kutembea tena. Nilimsikia akikohoa kwa masikio yangu, na bado nilichungulia. Sijui nilikuwa nangoja kinukta kiniambie nini. Nilimpikia uji wa ulezi, nikamlisha kijiko kwa kijiko, na kila siku vijiko vilipungua, na hakuna nilichoweza kufanya ila kuosha kikombe.

Alasiri ya mwisho alifumbua macho, mikono yake ikawa inatafuta juu ya shuka. Nikajua inatafuta nini. Nikampa ncha za kanga, akajaribu kuzifunga, hazikufungika, nikamfungia. "Haya mwenyeji," akasema, na sauti ilikuwa ndogo lakini heshima ilikuwa yote. "Nimekula, nimekunywa." Hakuwa amekula siku nyingi. Nikachukua kanga yangu msumarini, nikajifunga nami. "Ngoja nikusindikize," nikamwambia. "Mpaka wapi?" "Mpaka mashineni." Akafikiri. Zuhura alikuwa amesinzia kigodani, kichwa ukutani, mdomo wazi kama alipokuwa mchanga. Nyamizi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yale ya kisimani. "Usije," akasema. "Ishia hapo, Mwajuma. Una mgeni ndani."

Mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina.

Basi hiyo ndiyo apu ambayo Zuhura alitaka kuifuta. Kisimu cha Nyamizi kimo ndani ya sanduku lake la bati, kimeisha chaji siku nyingi, na ramani yangu inaonyesha mahali kilipokuwa mara ya mwisho, chumba cha uani. Zuhura anasema huko kazini huwafundisha wanaoanza kosa lile, na hawaambii alilijuaje. Hakuniuliza tena kuhusu kufuta. Alikaa siku zake, akanitengenezea redio, akagombana na Mama Shabani kuhusu nywele, na jana alasiri akajitwika begi akasema, "Haya Bibi, naenda, basi lisije likaniacha." Nikajifunga kanga. Tulitembea polepole. Tulipofika mashineni, wanawake walikuwa kwenye foleni na mabeseni yao, unga usoni. Zuhura akasimama, akanishika mabega.

"Bibi, kikomo chako ni hapa."

"Najua," nikamwambia, nikamshika mkono, tukaendelea kwenda.